Kidole Gumba cha Mwalimu Tsujii

Saa mbili na nusu asubuhi, Shigaraki, mji wa wafinyanzi nchini Japani. Tsujii Katsunori anasimama mbele ya tanuri la gesi akiwa amevua kofia, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu na bado hajaambiwa kosa lake. Tanuri limepoa tangu jana. Anafungua mlango kwa mikono miwili, anavuta pumzi, kisha anaanza kutoa.

Mabakuli thelathini na nane ya chai yanatoka moja baada ya jingine. Yote yamefinyangwa na watu ambao hawakuwahi kushika udongo maishani: wachumba, wauguzi walio likizoni, watoto wa darasa la tatu, na mhasibu mmoja wa Osaka aliyekuja kwa sababu mkewe alikwisha kulipa. Limo lililopinda kama sikio. Limo lenye ukingo mnene kiasi kwamba mnywaji atalazimika kupanua mdomo kama yuko kwa daktari wa meno. Tsujii anayapokea yote kwa heshima ileile.

La ishirini na tisa lina ufa kutoka ukingoni mpaka kitakoni.

Analigeuza na kusoma namba iliyoandikwa chini. Anatazama dirishani kidogo. Kisha anafuta mikono, anaiendea simu iliyowekwa katikati ya karakana, mahali ambapo kila mtu anaona na kusikia, na anapiga.

"Samahani sana kwa kukusumbua asubuhi hii. Bakuli lako limepasuka motoni... Ndiyo, lile lenye sungura... Hapana, kosa si lako hata kidogo."

Huku akisema anainama, na kuinama tena, mpaka paji la uso linakaribia kugonga meza, ingawa mwenye bakuli yuko Kobe na haoni lolote kati ya hayo.

Anapoweka simu chini, masikio yake yamekuwa mekundu. "Dakika mbili," anasema. "Kwa kuzikimbia dakika mbili hizi, nimedanganya watu miaka tisa."

Tsujii ana umri wa miaka hamsini na saba. Ni fundi msaidizi katika karakana ya Bi. Uenishi Haruyo, ambako mtu yeyote asiyejua kitu anaweza kulipa yeni 4,600, akafinyanga bakuli lake, akanywa chai ya unga ya milima ya Asamiya, na baada ya miezi miwili akaletewa bakuli hilo kwa posta. Siku za Alhamisi Bi. Uenishi huwafundisha wageni kupekecha chai hiyo mpaka itoe povu. Siku nyingine zote ni za Tsujii na udongo. Hulipwa yeni 1,180 kwa saa.

Hakuja Shigaraki kuwa msaidizi. Alikuja akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili, akiwa na nia ya kuwa mfinyanzi mwenye jina. Mabakuli yake mwenyewe yamo kwenye rafu ya mlangoni, yeni 9,000 kila moja. Kwa miaka sita yameuzwa mawili, na moja kati ya hayo lilinunuliwa na dada yake.

Waswahili husema mfinyanzi hulia gaeni. Tsujii naye hunywea bakuli lililopasuka, na huweka kitambaa chini yake kwa sababu linavuja.

Uongo ulianza na msichana wa miaka saba aliyemfinyangia babu yake zawadi ya kuzaliwa. Bakuli likapasuka tanurini. Kanuni ya karakana iko wazi: piga simu, omba radhi, mkaribishe mteja aje tena bila malipo.

"Nilishika simu mara tatu," anasema Tsujii. "Mara ya nne nikashika udongo."

Aliliweka bakuli bovu mbele yake na kufinyanga jingine linalofanana nalo, akilifanya kubwa kidogo kwa kuwa udongo hunywea motoni. Alinakili mkunjo kwa mkunjo, kosa kwa kosa. Babu akapokea zawadi yake kwa wakati. Ikaja barua ya shukrani yenye picha ya babu akicheka. Tsujii akaona kumbe dhambi yenyewe ni nyepesi, na mwezi uliofuata akaitenda tena.

Mtu asidhani kwamba hiyo ilikuwa kazi rahisi. Kufinyanga vizuri kunafundishika; kufinyanga vibaya kwa namna ya mtu mwingine kunahitaji kipaji, na kwa masikitiko makubwa kipaji hicho ndicho Tsujii alichojaliwa.

"Lazima ukosee pale alipokosea yeye," anaeleza, na kwa dakika moja anasahau kuona aibu. "Mtu wa mkono wa kushoto, ninatumia wa kushoto. Bibi mwenye kucha ndefu, ninaacha zangu ziote. Kuna bwana mmoja alikuwa akitazama saa ya ukutani muda wote. Nikaruka chakula cha mchana ndipo nikaweza kulipata bakuli lake. Ile njaa ilikuwa inaonekana kabisa ukingoni."

Kisha anakumbuka, na masikio yanarudia wekundu wake.

Desturi ya mafundi wa hapa ni kukipiga nyundo chombo kilichoharibika na kutupa vigae kwenye lundo nyuma ya karakana. Mabakuli yake mabovu Tsujii huyapiga bila huruma. Ya wanafunzi hakuweza. Aliyafungia kwenye makreti ya tufaha chini ya ngazi, moja juu ya jingine, na idadi yake ikapita mia mbili.

Mwishoni mwa Aprili ikaja barua kutoka Ogaki.

Aliyeandika ni Bi. Murase Shizue, mwenye umri wa miaka sitini na nane. Oktoba iliyopita yeye na mumewe Yoshitaka walikuja kufinyanga. Bakuli la mumewe liliwafikia Desemba. Februari mume akafariki dunia. "Ubavuni pana kishimo cha kidole chake gumba," aliandika. "Kila asubuhi ninaweka changu humo ninapokunywa. Ni kama kushikana mikono." Aliomba aje Alhamisi moja ya Mei, na bakuli hilo, afundishwe kupekecha chai.

Tsujii aliisoma barua akiwa amesimama. Akaenda chini ya ngazi na kufungua kreti la juu. Bakuli la Bwana Murase lilikuwamo, na ufa wake.

Saa sita mchana alimfuata Bi. Uenishi, aliyekuwa akila tonge la wali kwa figili za siki.

"Bosi, nina jambo."

"Kama ni mshahara, hapana."

"Si mshahara. Ni mabakuli ya wateja. Yale..."

"Yale unayoghushi?"

"Ulijua?"

"Wewe Tsujii, umeme wa lile tanuri dogo unalipwa na shangazi yako? Kila mwezi linawashwa na oda hakuna. Nikasema huyu kapata mchumba anayependa vyombo. Nikachungulia." Akatafuna figili. "Ungekuwa na mchumba ningekupongeza."

"Mbona hukunikataza?"

Hapo Bi. Uenishi aliacha kutafuna. "Zile barua za shukrani zilikuwa zinakuja kwa jina langu," alisema.

Wote wawili wakainamia wali.

"Huyu mama ataniwekea bakuli lile mkononi," Bi. Uenishi aliendelea baadaye, kwa sauti ya chini. "Ukimwambia, unamfisha mume mara ya pili. Usipomwambia, kila asubuhi atakuwa anashikana mikono na wewe. Amua mwenyewe. Mimi nina miaka sabini na mmoja, nimechoka kujua mambo."

Alhamisi ikafika. Wanafunzi walikuwa sita. Bi. Murase alifungua kitambaa cha zambarau, akatoa bakuli, kisha akamwona Tsujii mlangoni na kuinama mpaka kiunoni.

"Mwalimu! Wewe ndiye uliyemshika mikono Yoshitaka. Alikusifu sana. Alisema hujawahi kumcheka."

Tsujii aliinama chini zaidi yake, naye akainama chini zaidi ya Tsujii, na mashindano hayo yangeendelea mpaka jioni kama Bi. Uenishi hangewaita watu mkekani.

"Legeza mkono, mama," Bi. Uenishi alimwambia wakati wa kupekecha. "Hiyo ni chai, si mayai."

"Mume wangu ndiye alikuwa mpekechaji," alijibu Bi. Murase. "Kazi yangu mimi ilikuwa kulalamika kwamba imepoa."

Watu wakacheka. Chai yake ilitoka na madonge. Aliinywa yote, kidole gumba kikiwa ndani ya kishimo.

Wengine walipoondoka, Tsujii aliingia akiwa na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti, akapiga magoti na kuweka paji la uso mkekani. Alisema yote bila kuinua kichwa: ufa, simu ambayo hakuipiga, udongo mpya. Udongo uwahi ungali maji, husema wazee. Huu alikuwa akiuwahi ukiwa jiwe.

Bi. Murase alikuwa bado amelishika bakuli, kidole gumba kishimoni.

"Na kishimo hiki?" aliuliza mwishowe.

"Ni kidole changu."

Alikitoa kidole chake taratibu, kama mtu aliyegundua katikati ya umati kwamba mkono alioushika ni wa mgeni.

"Lilipofika kwa posta," alisema, "Yoshitaka aliligeuzageuza muda mrefu. Akaniambia, 'Shizue, moto una adabu kuliko mimi. Nilifinyanga kitu kimelala, kimenirudia kimesimama.' Mimi nikacheka." Akaliweka bakuli mkekani. "Alikagua reli miaka thelathini na minane, Mwalimu. Milimita mbili zilikuwa zinamnyima usingizi. Unadhani hakujua?"

Tsujii alizidi kukandamiza paji la uso mkekani.

"Alijua. Alikuwa ananywea bakuli la mtu mwingine, akanyamaza kwa sababu mimi nilikuwa nimefurahi. Umemfanya mume wangu anidanganye. Katika miezi yake miwili ya mwisho."

Kati ya yote aliyoambiwa siku ile, na hata baadaye, hilo ndilo Tsujii hawezi kulirudia bila kutazama pembeni.

Akamfungulia gazeti. Bakuli la kweli lilikuwa limeegemea upande mmoja kama mlevi, na ufa ulipita katikati yake. Ubavuni palikuwa na kishimo. Bi. Murase aliweka kidole chake gumba, na kidole kikapotea humo.

"Ee," alisema. "Ndiyo. Vidole vyake vilikuwa kama mipini ya koleo. Nilikuwa najiambia udongo umenywea."

Alilifunga bakuli bovu ndani ya kitambaa cha zambarau. Lile zima aliliacha mkekani. Mlangoni alivaa viatu, akamgeukia Bi. Uenishi, asimtazame Tsujii.

"Huyu sijamsamehe," alisema. "Lakini Alhamisi ijayo nitakuja. Chai yangu bado ina madonge."

Kesho yake Bi. Uenishi aliitoa simu ofisini na kuiweka katikati ya karakana. Hakueleza sababu, na hakuna aliyeuliza. Tsujii alishusha makreti yote na kutafuta stakabadhi za posta za miaka tisa. Tangu hapo humpigia mtu mmoja kila siku, kabla ya chai ya saa nne, na mpaka sasa amefikia watu sitini na mmoja.

Bwana mmoja wa Nagoya alimkatia simu. Muuguzi mmoja alidai fedha zake, akarudishiwa. Bibi mmoja wa Himeji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia bakuli lenyewe alishalivunja mwaka juzi wakati wa kuosha vyombo, "kwa hiyo wewe na mimi tumelingana." Wanne waliomba waletewe bakuli lao bovu. Mmoja, mwanamume, alilia, na Tsujii hakujua la kufanya ila kuendelea kuishika simu.

Alipoulizwa kama angependa gazeti hili libadilishe jina lake, alikataa. "Liandikeni kamili," alisema. "Nimeshatumia mikono ya watu wengi. Jina nitumie langu."

Bi. Murase amekuja Alhamisi tisa sasa, kwa treni mbili na basi. Chai yake imeanza kutoa povu. Huwasalimu wote waliomo, pamoja na paka, na humpita Tsujii kama nguzo. Tsujii humpangia viatu vyake mlangoni vielekee nje, tayari kuvaliwa, kisha hurudi kwenye udongo wake.

Ana ombi moja ambalo hajathubutu kulitamka. Mwezi Agosti, siku za kuwakumbuka waliotangulia, angependa kwenda Ogaki kuwasha ubani kwenye kaburi la Bwana Murase. Kwenda bila ruhusa ya mjane haiwezekani, na kuiomba ruhusa kwa mtu asiyekusalimu ni kazi kubwa kuliko simu zote sitini na moja.

"Nitamwomba Alhamisi hii," anasema Tsujii. "Akikataa, nitamwomba Alhamisi inayofuata. Nikifika pale sina hotuba. Nitamwambia, 'Bwana Murase, bakuli lako lilipasuka.' Alipaswa kuambiwa Desemba, akiwa hai, akasirike kidogo, aje afinyange jingine."