Wanjiku Aliyegusa Povu Langu

Nilipokuwa msichana mdogo pale Kawangware, miaka michache baada ya Uhuru, sikuwahi kujiona nikianguka. Nilichokijua mimi ni kuamka. Naamka sakafuni darasani, damu mdomoni, madawati yamesukumwa ukutani, na wenzangu wote wamejazana nje ya dirisha wakinitazama huku wameziba pua. Mwalimu wetu yuko nje pamoja nao. Hapo ndipo ninapojua kwamba kifafa kimenipata tena.

Usidhani nawalaumu. Kila mtu alijua, na mimi nilijua, kwamba kifafa hukaa kwenye povu. Povu la mgonjwa likikugusa, kwisha maneno: mwezi mpya ukiandama, nawe utaanguka. Mama yangu alikuwa yaya kwa Wazungu wa Lavington, akiwafuta watoto wao kamasi kutwa nzima, lakini kwetu nyumbani nilikuwa na kikombe changu, sahani yangu na mkeka wangu. Hospitali hakunipeleka. Nyanya alikuwa ametuma neno kutoka kijijini kwetu Maragoli kwamba ugonjwa huu haupatani na sindano. Sindano moja tu na mtoto anaondoka. Mama alinipenda, ndiyo maana aliogopa.

Basi siku moja, kipindi cha hesabu, niliamka kichwa changu kikiwa juu ya paja la mtu, na mtu huyo akinifuta mdomo kwa mkono wa sweta yake. Alikuwa Wanjiku, msichana wa dawati la mbele. Hata marafiki hatukuwa. Nilipiga kelele kama niliyeona nyoka.

"Usiniguse! Wewe, utaanguka!"

"Nyamaza," alisema. "Nimeshagusa."

Mwalimu mkuu alimwita mama. Hakuwa mtu mbaya. Alivaa tai hata siku za jua kali, na alisema kwa upole ulionitisha kuliko kiboko.

"Mama Rosa, siwezi kuharibu shule kwa sababu ya mtoto mmoja. Tungoje mwezi uandame. Huyu msichana mwingine akianguka, Rosa atakaa nyumbani."

"Mpaka lini, mwalimu?"

"Atakaa nyumbani," alirudia.

Mama alinishika mkono tukarudi nyumbani. Yeye hakujua kusoma, na alikuwa ameapa kwamba mimi sitalea watoto wa watu. Shule ikinitoka, nini kingebaki? Mkeka na kikombe.

Tangu hapo macho yangu yakawa juu ya Wanjiku. Akipiga chafya, moyo unaruka. Akiangusha kalamu, nasimama. Wenzetu nao walimkataa kwenye dawati lao, wakamsukuma nyuma kwenye benchi langu. Alikuja na vitabu vyake akicheka.

"Hapa pazuri," alisema. "Tutanyoosha miguu."

Mimi sikucheka. Kila nilipolala niliomba: Mungu, kama ni lazima mtu aanguke, basi nianguke mimi mara mbili.

Mwezi uliandama jioni upande wa vilima vya Ngong, mwembamba kama ukucha. Watoto wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga waliushangilia. Mimi nilijificha nyuma ya choo, nisiuone.

Kesho yake Wanjiku hakuja shule. Kabla ya kengele darasa zima lilikuwa na habari: ameanguka! Hakuna aliyemwona, lakini nani alihitaji kuona? Mwalimu mkuu alisimama mlangoni, akaniambia nikusanye vitabu vyangu, na mama aje kumwona.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda mbio mpaka kwa kina Wanjiku, wenyeji wa pale tangu zamani, waliokuwa na shamba lao nyuma ya ua wa miiba ya kayaba. Nilitaka kumwona kwa macho yangu. Nilitaka anipige, ikibidi.

Nilimkuta ameketi juu ya gunia katikati ya uwanja, mbali na moto, mbali na mawe, kikombe chake peke yake pembeni. Wadogo zake walifungiwa ndani, wakichungulia. Mama yake alikuwa kwenye kigoda, kando kidogo, bila kumwondolea macho. Wanjiku hakuwa ameanguka. Alikuwa akingojwa aanguke.

Jamani, kumbe ndivyo nilivyotazamwa siku zote!

"Ni wewe ule mgonjwa?" mama yake aliniuliza.

"Ni mimi."

"Na umefuata nini hapa?"

"Mama, naomba nikae na yeye. Akianguka nitamshika. Mimi sina cha kuogopa."

Alisogeza kigoda chake nyuma kidogo. Nikaketi kwenye gunia.

Jua lilipanda. Mara kichwa cha Wanjiku kikaanguka kifuani, pu! Mama yake akapiga yowe akimwita Mungu kwa lugha yao, "Ngai!" Nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote. Wanjiku akafumbua macho.

"Nilikuwa nasinzia," alisema. "Nina njaa."

Tangu asubuhi hakupewa chakula, asije akasakamwa nacho akianguka. Mama Wanjiku akaangua kilio, kilio cha hasira. Kisha akaingia jikoni, akatoka na bakuli moja la githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, akalitua katikati yetu.

"Kuleni," alisema. "Mimi nimechoka kuogopa mtoto yangu."

Asubuhi iliyofuata alitupitia akiwa na Wanjiku, akatuongoza mimi na mama mpaka ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Mwalimu, nimechunga huyu kutwa nzima na macho yangu. Hajaanguka. Hii maneno ya povu imetoka wapi?"

"Mama, wazee walisema..."

"Hata mimi ni mzee sasa. Rosa arudi darasani."

Mwalimu mkuu alilegeza tai yake, akakubali. Kisha Mama Wanjiku akamgeukia mama. "Na wewe, hospitali iko hapo mjini, unangoja nini?"

"Sindano," mama alinong'ona.

"Basi tutaenda sisi wote. Wewe ushike mkono mmoja, mimi huu mwingine."

Walinishika hivyo mpaka mbele ya daktari. Hakukuwa na sindano. Kulikuwa na vidonge vidogo vyeupe, nilivyomeza miaka na miaka, na kuanguka kukapungua mpaka kukawa nadra. Shule nilimaliza.

Tulipokuwa watu wazima, Wanjiku na mimi tukila nyama Kenyatta Market, nilimuuliza alijuaje kwamba povu haliambukizi.

"Nani amekuambia nilijua?" alisema. "Niliamini kabisa! Nilijua nitaanguka. Nilijikojolea pale pale, na wewe umelalia hiyo sketi."

"Sasa mbona ulinishika?"

"Ulikuwa unagonga kichwa kwa simiti, Rosa. Sikuweza kuendelea kusikia."

Nikisikia watu wakisema wagonjwa kama mimi watakubaliwa siku kila mtu atakapoelimika, sipingi. Vidonge ni kazi ya wasomi, na vimeniweka hai. Ila sikuzote nakumbuka kwamba msichana aliyeniinua alikuwa na hakika anauchukua ugonjwa wangu, na akaniinua hivyo hivyo.