Daftari la Mtego kwa Dokta Limbu

Munira wa Katandala humdanganyi kirahisi. Baba yake, mzee Kheri, anauza vitenge, na mtoto wa dukani hujifunza kukagua noti kabla hajajua kusoma. Sasa yuko chuo, anasomea shahada ya uzamili, na utafiti wake ni intumba, yale matuta ya duara ambayo Wafipa hufukia nyasi ndani zioze ziwe mbolea. Miezi mitano kazunguka kijiji cha Pito na koti lake zito, kajaza daftari zima maneno ya wakulima. Lile daftari ndiyo shahada yenyewe.

Halafu msimamizi wake, Dokta Limbu, akalitaka.

"Niachie siku tatu, mjukuu."

Mjukuu! Dokta ni Msukuma, mhadhiri mstaafu aliyehamia hapa mjini, ila bado anasimamia wanafunzi. Ukutani kwake kabandika karatasi ya majina: mwalimu wake juu, kisha yeye, kisha wanafunzi wake, na chini kabisa kaacha nafasi. "Huu ni ukoo," alimwambia. "Hapo utakaa wewe."

Munira alitabasamu, ila jicho lilimganda kwenye jina la Edith, la mwisho kabla ya ile nafasi. Makala ya utafiti wa Edith alishaisoma. Jina la kwanza Limbu, la pili Edith. Ukoo gani huu babu anajipakulia kwanza?

Akamrushia mdogo wake Hasna ujumbe wa sauti. Jibu likaja fasta: "Dada, huyo kashakuweka kwenye sahani, bado kunawa tu. Mpe feki!"

Basi akampa feki. Alinakili daftari upya, kila kitu sawa isipokuwa sehemu ya mama Dominika, mmoja wa wakulima wa Pito. Pale akaandika eti mama hupanda ulezi juu ya tuta likiwa zima. Mfipa yeyote anajua tuta hubomolewa kwanza, udongo ukasambazwa, ndipo ulezi ukamwagwa. Lakini Dokta ni mtu wa ofisini, atajulia wapi? Siku upuuzi huo utakapotoka kwa jina lake, mwizi atakuwa kajikamata mwenyewe.

Siku ya tatu Dokta akapiga simu. "Kesho twende Pito." Kufanya nini, hakusema. Munira hakulala vizuri. Huyu sasa anataka kunipora hadi wakulima!

Uani kwa mama Dominika walikuta watu sita wamekaa, wanasubiri. Dokta akavaa miwani, akafungua daftari.

"Kwetu daftari haliendi chuo kabla halijasomwa kwa wenye maneno. Mwalimu wangu alinifunza hivyo. Nikikosea nirekebisheni."

Dokta akasoma, akasoma, akafika: "Mama Dominika hupanda ulezi juu ya tuta likiwa zima..."

Mzee Modesti, mmoja wa wale sita, alicheka mpaka akakohoa. "Dominika! Kilimo cha kichaa umeanza lini?"

Dominika hakucheka. "Binti, mimi nilikwambia hivyo? Tena ugali wangu ulikula."

Munira angeweza kusingizia mwandiko. Akamtazama yule mama, ikashindikana.

"Hapana, mama. Niliandika makusudi. Nilikuwa namtega Dokta, nilidhani ataniibia."

Dokta akavua miwani taratibu. "Kwa ajili ya Edith?"

"Ndiyo, Dokta."

"Edith aliniweka mbele mwenyewe, kwa heshima. Nikaona, nikanyamaza." Akajikuna shingo. "Kunishuku ulikuwa na haki."

"Ninyi mtamalizana njiani," Dominika akakata. "Mimi nauliza haya mengine. Ni ya kwetu au ya kwako?"

"Ya kwenu yote, mama. Wallahi. Daftari la kweli liko nyumbani."

"Tutajuaje?"

Miezi mitano ya kazi ilikuwa imesimama hapo uani, inangoja kauli ya mama mmoja.

"Lilete Jumapili, tukitoka misa," Dominika akasema. "Utasoma neno kwa neno, wote tukiwepo. Tukikataa, utaanza upya."

"Nami nitakuja," Dokta akadakia.

Dominika akamkagua kuanzia viatu hadi kofia.

"Wewe subiri kuitwa."