Jina Kwenye Daftari la Lugha Mbili

Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu huko Machame, na ugonjwa wangu ulikuwa kuandika kila kitu. Babu yangu alinionya mapema. Yeye alifundishwa Kijerumani utotoni na wamisionari, kisha vita vikaja, Wajerumani wakaondoka, na mtu aliyesikika akikizungumza akawa anatazamwa kwa jicho baya. Babu akakifungia moyoni miaka mingi.

"Lugha ishike kichwani, mjukuu wangu," aliniambia. "Karatasi haina siri."

Nikamwona mzee mwoga tu.

Miaka ile ya Ujamaa nchi ilikuwa imewapokea wakimbizi kutoka kusini mwa Afrika, waliokuwa bado wanapigania uhuru wao. Mmoja aliletwa shuleni kwetu kufundisha hesabu, akapewa chumba katika kihamba chetu, shamba la ukoo, katikati ya migomba na kahawa. Lugha yake ilikuwa Kizulu. Alitumia jina la kupewa, na balozi wetu wa nyumba kumi alituambia tusimuulize jingine. Kulikuwa na watu waliokuwa wakimsaka. Wenzake wawili walikuwa wameshauawa kwa vifurushi vya posta vyenye mabomu, walivyofungua wakidhani ni vitabu.

Baada ya shule tulikaa barazani, babu, mgeni na mimi, tukipukuchua maharage na kufundishana. Kizulu nilikipenda kwa kuwa kilikuwa ndugu. Sisi tunasema mtu na watu, wao umuntu na abantu. Nyama yetu kwao ni inyama. Kijerumani hakikunijua kabisa. Kwao meza ni ya kiume, mlango ni wa kike, halafu msichana si wa kike wala wa kiume! Nilinuna siku nzima nilipoambiwa hilo. Tena sentensi yao ndefu hukuweka roho juu, maana mara nyingi kitendo chenyewe hukungoja mwishoni.

Babu naye alishindwa na zile sauti za Kizulu za kugonga ulimi. Yai ni iqanda, na hiyo q hutoka kwenye kaakaa kama kizibo kinachochomolewa. Babu, mwenye meno manne, alitoa mate tu. Tulicheka mpaka maharage yakamwagika.

Siku moja tukafika kwenye kujitambulisha. Babu akasema, Ich heiße, kisha akataja jina lake. Mgeni akasema, Igama lami ngu, na kabla hajajizuia akalitaja jina lake la kweli. Babu akanigeukia.

"Hilo usiliandike."

Niliitikia. Kisha nikaingia chumbani nikaliandika kwenye daftari langu la Kijerumani na Kizulu. Sentensi isiyo na jina ilinikera kama shati lililokatika kifungo. Nilikuwa na kiburi, na daftari lile ndilo lilikuwa fahari yangu.

Wiki chache baadaye akaja Mzungu na gari, mpole, anajua kusema shikamoo. Alisema anawatafuta wazee wanaokumbuka Kijerumani. Babu alikuwa amekwenda kukata majani ya ng'ombe. Nikampa Mzungu huyo mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, na ili asichoke kusubiri, nikamletea daftari. Alifunua haraka haraka. Kwenye ukurasa mmoja akakawia mno.

"Umefanya kazi nzuri sana, mwalimu," akasema. "Na huyu wa Kizulu anaishi wapi?"

Nikamwonyesha chumba kwa kidole. Mungu anisamehe, nilimwonyesha na dirisha.

Babu aliporudi walizungumza Kijerumani kidogo, yule mtu akaaga. Babu alibaki amesimama na mzigo wake wa majani.

"Ameuliza habari za kila mtu isipokuwa mimi," akasema.

Tangu hapo maharage hayakuwa na utamu. Mbwa akibweka, tunaangaliana. Nilikuwa najua kosa langu na sikulisema. Huo ndio uoga, si ule wa babu. Kisha mpeleka barua wa shule akaleta kifurushi kizito, kimefungwa kwa kamba nzuri. Juu yake lilikuwa limeandikwa lile jina la kweli.

Mgeni alikishika akalisoma jina bila kupepesa macho. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Nani mwingine anajua?"

Nikalia, nikasema yote.

Babu hakunipiga wala kunitukana. Alinituma nikachume jani la isale. Kwetu isale ndilo linaloomba msamaha, na anayeletewa hawezi kukataa. Nikampa kwa mikono miwili. Mgeni hakujua mila yetu, ila babu alipomweleza alilipokea, akalitia mfukoni.

"Sina kinyongo, dada. Daftari lichome."

Alikibeba kifurushi hatua kwa hatua hadi kwenye shimo babu alilochimba kupandia mgomba, akakilaza chini. Siku ile ile akaondoka. Kwa Kizulu anayekwenda husema sala kahle, baki salama, na anayebaki hujibu hamba kahle, nenda salama. Wajerumani huagana kwa kuahidiana kuonana tena. Babu, aliyekipenda Kijerumani kuliko kahawa yake, siku hiyo alijibu kwa Kizulu.

Balozi aliahidi kwamba wataalamu wangetoka Moshi mjini kuja kukitazama kifurushi. Masika yakaanza, hawakuja. Babu akafukia shimo taratibu kwa mikono yake, akalizungushia isale, ambalo pia ndilo alama yetu ya mpaka.

Babu alifariki, isale likakua. Mwaka jana mwanangu alikwenda pale na sururu kuchimba msingi wa banda la ng'ombe. Nilipiga yowe mpaka majirani wakaja. Ikabidi nimsimulie.

"Lakini mama," akaniuliza, "kama kilikuwa kitabu tu?"

Sijui. Mgeni wetu hajawahi kutuandikia, na sijui kama alifika alikokuwa anakwenda. Simlaumu. Barua ya kuniandikia mimi, jina lake angeliweka wapi?