Pombe ya Wanjiku kwenye Rejeta ya Bwana Kofia

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu tukiwa tumekaa, kila mara nalianza tukitembea ili nikifika pale pabaya niwe na njia ya kutazama. Leo naandika, sina pa kutazama. Mimi Kamau, mwanamume niliyepita kizuizini miaka mitatu nikatoka na meno karibu yote, nilimwaga pombe ya kuomba mke ndani ya gari la mzungu, kwa mkono huu wa kulia, baba ya msichana akiwa amesimama hapo hapo. Wa kulaumiwa nitawataja, maana wengine wako hai mpaka leo na wanakunywa chai yao bila wasiwasi.

Nilipofunguliwa nilipata kazi kwenye shamba la kahawa Ruiru, kwa mzungu tuliyemwita Bwana Kofia (Wanyama mpishi aliapa kwamba hiyo kofia analala nayo). Jamaa hawa, yeye na memsahibu na binti yao mdogo, walipenda kwenda porini kulala kwenye hema, na nyumba walikuwa nayo, tena ya mawe, lakini hayo ni yao. Kazi ya kutengeneza na kupakia Landrova ikawa yangu. Nilipiga masanduku ya mbao ya vyombo, nikatia kulabu za taa, na nyuma nikafunga vishikio viwili vya jerikani za maji, kila kimoja na mkanda wake wa ngozi. Kizito kinakaa chini, cha kutumika kwanza kinaingia mwisho, na hema linalala ndani nyuma ya viti. Nikishapakia, gari lilikuwa linapita kwenye mashimo na husikii hata kijiko. Nasema haya kwa sababu ndipo majivuno yangu yalipoishia.

Sasa, Wanjiku alikuwa ameningoja miaka yote ile ya kizuizini. Kwao ni Thika, ukivuka daraja la Chania ukapanda mlima, pale juu wanapouza ndizi. Baba yake, Mzee Gathogo, aliniita akaniambia, "Baba yako amekufa, basi njoo mwenyewe. Jumamosi lete pombe ya kwanza, wazee watakuwa wamekaa. Lakini Kamau, msichana nimemchelewesha vya kutosha, na kuna mwingine amebisha hodi. Jumamosi ikipita, imepita."

Tata Wambui, dada ya marehemu baba, akatengeneza pombe ya muratina pale Ruiru, safi, ya asali. Halafu Alhamisi Bwana Kofia akatangaza kwamba Jumamosi tunaenda kupiga kambi Sagana.

"Bwana, Jumamosi nina shauri nyumbani."

"Shauri ngoja," akasema, akaenda kula.

Hapa ndipo anaingia Wanyama, mtu wa magharibi huko, mpishi mzuri na mshauri mbaya kuliko wote niliowahi kusikiliza. "Wewe Kamau unalia nini? Si gari linapita pale pale? Si memsahibu lazima asimame kununua ndizi? Tia pombe kwenye jerikani, tukifika unashusha kama unashusha takataka. Ukienda nayo kwa basi askari wanamwaga darajani, lakini gari la mzungu nani anapekua?"

"Na Bwana akiiona?"

"Nitasema ni siki ya memsahibu, ya kabichi. Niachie mimi hiyo."

Basi nikatafuta jerikani ya tatu. Kule nyuma vishikioni kuna jua, na muratina ikichomwa na jua inafura, kwa hiyo nikaitaka ndani, kwenye kivuli, na nafasi ya ndani ilikuwa moja tu, ile ya hema. Nikatoa hema. Nikalizungusha turubai yake nikalifunga mbele ya gari, juu ya bampa, kamba nne, likakaa kama mtoto mgongoni. Jerikani nikaifunika blanketi. Bwana Kofia akazunguka gari akaligonga hema kwa kidole. "Kamau, wewe akili mingi," akasema. Nikafurahi! Mtu mzima!

Tulipofika Juja gari likachemka. Nikamimina jerikani ya kwanza ya maji. Kabla ya kuingia Thika likachemka tena, nikamimina ya pili, na nikiwa nimeinama pale, uso ukiungua, ndipo nikaona hema langu limeziba rejeta yote, upepo hauna pa kuingilia. Nilijua. Lakini nikilitoa litakaa wapi? Si pale penye pombe? Nikafunika rejeta nikarudi nyuma. Mto tukaupita chini yetu na maji yake yote, Bwana Kofia ana haraka, anasema tutajaza Sagana.

Tukapanda ule mlima. Na gari, kama limetumwa, likazimika juu kabisa, mbele ya wauza ndizi, moshi unatoka kama jikoni. Kando ya barabara wazee watano na mablanketi yao mabegani, Mzee Gathogo katikati, wananingoja mimi. Nyuma ya akina mama wa ndizi nikamwona Wanjiku, kitambaa kipya kichwani.

"Kamau! Lete maji!"

"Maji kwisha, bwana."

Yule msichana wao mdogo, aliyekaa nasi nyuma, akatoa kichwa dirishani (Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha baba yake), "Bado moja! Kamau ameficha chini ya blanketi, nimeweka miguu juu yake."

Nikamtazama Wanyama. Siki, Wanyama, sema siki. Wanyama alikuwa anaangalia mawingu.

"Kwa nini wewe naficha?" Bwana Kofia akauliza.

"Ni... ni ya akiba, bwana."

"Akiba! Mzuri sana. Mwaga."

Ningesema pale. Maneno matatu tu yangetosha. Lakini niliiona kambi ya kizuizini, ule waya, nikaona barua ya Bwana Kofia ikienda kwa D.O., yule afisa wa serikali, kwamba mtu huyu ni mwongo, na mkono ukafungua kifuniko wenyewe. Kikapiga psss. Nikamimina mpaka nusu na zaidi.

Mvuke ulipopanda, barabara nzima ikanukia harusi. Mama mmoja akaweka chini mkungu wake. "Ngai! Gari limelewa!" Wakacheka mpaka wakashikana.

Bwana Kofia akanusa. "Hii maji nini?"

"Maji ya Ruiru, bwana."

Mzee Gathogo akaja polepole. Akatia kidole kwenye mdomo wa jerikani, akaonja. "Ya Wambui," akasema kwa Kikuyu. "Mkono wake naujua. Hii ni ya nani, Kamau?"

"Mzee nasema nini?" akauliza Bwana Kofia.

Wote wakanitazama. Mkwe wako mtarajiwa hutakiwi hata kumkodolea macho, sembuse kumdanganya mbele ya wenzake.

"Anauliza kama tunanunua ndizi, bwana."

Nilisahau kwamba Mzee Gathogo alifanya kazi kwa wazungu miaka ishirini, Kiswahili anakijua. Akafuta kidole chake kwenye blanketi. Halafu akamgeukia Bwana Kofia kwa adabu kabisa. "Ndiyo, bwana. Ndizi ziko. Chagua."

Memsahibu akachagua mkungu, na mwenye mkungu alikuwa Wanjiku. Akaubeba mwenyewe mpaka nyuma ya gari, akaniwekea mikononi. Hakulia wala hakunitukana.

"Pakia vizuri," akasema. "Zisiumie."

Nikapakia. Wapi? Pale ilipokuwa jerikani. Ndipo Wanyama akapata sauti. "Bwana, mimi naona hii hema imeziba upepo," na Bwana Kofia akampiga bega, akili mingi. Tukaondoka mimi nikiwa nimekaa nyuma, uso umeelekea nilikotoka, na wazee wanakunja mablanketi yao kurudi nyumbani. Hakuna aliyepunga mkono.

Wanjiku aliolewa na yule aliyebisha, mtu wa Murera. Kazi haikunitoka, nilibaki nayo, na mwezi mzima nilikuwa nasugua masalia ya pombe kwenye rejeta. Na uhuru ulipokaribia Bwana Kofia akauza shamba akaenda kwao, akaniachia zawadi kwa uaminifu wangu. Jerikani, ile ile.

Iko hapa nyumbani, tunachotea maji. Nimemlaumu Wanyama, nimemlaumu Bwana Kofia, nimemlaumu mpaka yule mtoto na miguu yake, lakini nikifungua kile kifuniko, mkono unaokizungusha nauona ni wa nani. Nimeapa kwamba kitu changu nitasema ni changu, hata mbele ya nani. Nimechelewa, najua. Mke wangu akinimiminia maji kutoka humo huwa ananiuliza mbona nanusa kwanza.