Nimebisha miaka yote kwamba laptop za bei mbaya ni upuuzi, hadi niliposimamishwa ukweni kwa kaka yangu Mikumi nitaje thamani ya moja

Wakuu, poleni na majukumu.

Mnaonifahamu humu mnajua msimamo wangu. Laptop ya bei ya pikipiki ni ugonjwa. Nimeshagombana na watu kwenye nyuzi za RAM na display mpaka mods wakafunga uzi. Leo sijaja kugombana. Nimekuja na jambo lililonikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi, na atakayeona natunga aende Mikumi akaulize ile familia yenye laptop iliyotolewa mahari.

Naanzia mbali kidogo, mnivumilie.

Mimi na kaka yangu Fidelis tumekulia Kilosa mjini. Babu yetu aliletwa na kazi za reli, akabaki. Hatuna shamba la ukoo wala mifugo. Mimi nimemaliza chuo, nachapa na kurekebisha kazi za watu kwa laptop yangu refurbished, nyeusi, nzito, betri ilishakufa, inaishi kwa waya kama mgonjwa wa drip. Haijawahi kuniangusha, ukiacha siku umeme unapokatika, na hiyo siihesabu kuwa kosa lake.

Fidelis ni dereva wa watalii Mikumi. Anawapiga picha na video wageni wakiwa mbugani, anazihariri, anawatumia. Akiba yake yote, na nikisema yote namaanisha yote, aliitumbukiza kwenye laptop moja ya kijivu, nyembamba kama sahani, inayofunguka kwa kidole kimoja.

Nilimuuliza, "Inafanya nini ambacho yangu haifanyi?"

"Ukiwa nayo utaelewa."

"Hilo si jibu. Hata mtu aliyelishwa limbwata anajibu hivyo."

"Rangi, mdogo wangu. Simba anaonekana alivyo."

"Simba ana rangi moja!"

Tukaenda hivyo karibu mwaka mzima.

Halafu Fidelis akampata Neema. Familia ya Neema ni Wakaguru wa milimani kule Berega, walishahamia Mikumi siku nyingi. Barua ya posa ikapelekwa, ikapokelewa. Ikabaki kwenda kupanga mahari. Kwa wenzetu hawa mjomba wa binti ndiye mwenye neno. Baba mzazi anakaa, anasalimiwa, anakunywa soda. Mjomba wa Neema anaitwa Yona, mstaafu, mzee wa kanisa, macho makali.

Mjomba Yona akatuma ujumbe: anataka ng'ombe saba au fedha ya ng'ombe saba, na amesikia kijana hana hata kiwanja. Tena hakuficha kwamba kuna barua nyingine ya posa kabatini kwake, ya jamaa mwenye duka la dawa za mifugo.

Fidelis hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Alikuwa na laptop.

Mshenga wetu alikuwa Mzee Shabani wa Chanzuru, anayenunua vitunguu Lumuma na kuviuza Morogoro. Mzee ana mdomo wa kuuza mvua masika. Akasema, "Tunaibeba hiyo kompyuta. Wakaione. Vitunguu vizuri havikai chini ya gunia, vinakaa juu."

Mimi nikabebwa kama mtaalamu.

Tulitoka Kilosa asubuhi, tukapita Ulaya (kabla hamjauliza, ni kijiji), laptop imeviringishwa kitenge na kupakatwa na Mzee Shabani kama mtoto mchanga anayepelekwa kliniki. Vumbi lilituingia sisi puani. Yenyewe ilifika safi.

Ukweni tukapokelewa vizuri. Shikamoo kwa kila anayestahili, marahaba zikarudi, mkeka ukatandikwa. Katikati ya mkeka pakawekwa sinia nyeupe yenye maua. Sheria zikasomwa: msemaji ni mshenga peke yake. Anayeongea bila ruhusa, faini kuku mmoja.

Mzee Shabani akaweka kwenye sinia fedha ya kufungulia mdomo. Halafu, kwa ile akili yake ya gunia, akafungua kitenge na kuiweka laptop juu ya sinia ili kila mtu aione.

Bibi yake Neema, mama yake Mjomba Yona, akajivuta polepole hadi kwenye sinia. Akavua khanga ya mabegani, akaifunika laptop. Akasema neno moja kwa Kikaguru.

Jikoni wakapiga vigelegele.

"Amesema nini?" Mzee Shabani akauliza.

"Amesema imepokelewa," Mjomba Yona akajibu.

"Aa, hapana mzee mwenzangu, hii ni ya kuonyesha tu."

"Mzee Shabani, kwenye sinia ya kwetu hakuna maonyesho. Maonyesho nendeni viwanja vya Nanenane, Morogoro. Kilichowekwa kwenye sinia mbele ya wazee kimetolewa."

Nikageuka kumwangalia Fidelis. Alikuwa amekaa nyuma yetu, bwana harusi haruhusiwi kusema kitu. Wakuu, niliona rangi ikimtoka usoni, na yeye ni mweusi kuliko mimi.

Mzee Shabani hakuwa mtu wa kuzama na gunia lake. Alikohoa, akaweka kofia sawa, akabadilisha biashara palepale. "Vyema. Basi ndiyo mahari yenyewe. Ng'ombe saba mliowataka hao hapo. Wamekunjwa."

Mjomba Yona akafunua khanga, akainyanyua ile laptop, akaizungusha kulia, kushoto, akaichungulia pembeni kama mtu anayekagua meno ya punda. Kisha akatoa flash mfukoni.

"Hii ina nyimbo za kwaya yetu. Naichomeka wapi?"

Mzee Shabani akanitazama. Mimi nikatazama mkeka. Waliowahi kushika laptop hizi mnajua: zina vitundu viwili vidogo, flash ya kawaida haiingii.

Nikashindwa kuvumilia. "Mjomba, kuna kifaa cha kuunganishia."

"Faini kuku mmoja. Kiko wapi?"

"Kinauzwa peke yake."

Akaiweka chini, taratibu.

"Yaani umenunua nyumba kwa bei ya ghorofa, halafu ukaambiwa mlango unauzwa peke yake? Na ukakubali?"

Wakuu, nilitamani kumkumbatia. Miaka yote nimekuwa nikisema maneno hayohayo humu, natukanwa, naambiwa ni wivu wa maskini. Kumbe kuna mtu Mikumi ananielewa! Ubaya ni kwamba alikuwa upande wa pili wa sinia.

Mjomba akatoa hukumu: "Tunaihesabu mbuzi mmoja. Wanabaki ng'ombe saba kasoro mbuzi. Mkishindwa, kabatini kuna barua."

Hapo nikaona hesabu ilivyokaa. Laptop haitoki tena. Ikihesabiwa mbuzi, kaka amepoteza kitendea kazi, amepoteza akiba, na Neema anaenda kuishi na dawa za minyoo ya ng'ombe. Ikihesabiwa ng'ombe saba, kaka anaoa.

Mzee Shabani akanipiga kiwiko. "Huyu kijana wetu ni msomi wa chuo kikuu. Atawaeleza thamani yake."

"Simama, msomi," Mjomba akasema. "Nakuuliza kitu kimoja. Inafanya nini ambacho ya bei rahisi haifanyi?"

Swali langu. Neno kwa neno.

Nikasimama. "Haipati joto, Mjomba."

Bibi akadakia, "Sasa wakati wa baridi ina faida gani?"

"Inakaa na chaji kutwa nzima."

"Umeme tunao," akasema Mjomba.

"Ni nyepesi."

"Hata mwizi atafurahi."

"Ina kioo kizuri. Simba anaonekana... alivyo."

"Kijana, sisi tunakaa Mikumi. Simba tunamwona bila kioo."

Watu wakacheka mpaka jikoni. Mwenye kujua sifa nyingine angenisaidia humu mapema, lakini mlikuwa mnanitukana.

Mjomba akainamisha kichwa. "Wewe una sura ya mtu asiyependa uongo. Niambie kama mbele ya kanisa. Ina thamani ya bei yake?"

Nikajibu, "Kwa kazi za kawaida, Mjomba, haina."

Nyuma yangu nikasikia sauti kama ya mtu aliyekaliwa tumboni. Ni Fidelis. Mzee Shabani akajifunika uso kwa kofia.

"Mmesikia wenyewe," Mjomba akasema. "Mbuzi mmoja."

Hapa nieleze kasoro yangu, wengine mnaijua: jibu likishatoka, hata likiwa langu, lazima nilihoji. Nikainua mkono, nikaambiwa faini ya pili, nikasema sawa.

"Mjomba, naomba mnisaidie. Mahari hupimwa kwa kile anachopata anayepokea, au kwa kile anachopoteza anayetoa?"

"Rudia," akasema Bibi.

Nikarudia. "Wewe Mjomba hii laptop huitaki. Kwako ni mbuzi, tena mbuzi mwenyewe mgonjwa. Lakini aliyeitoa hana kitu kingine duniani. Sasa leo pametolewa nini hapa, mbuzi au ng'ombe saba?"

Wakuu, sitawadanganya, sikuwa na mbinu. Niliuliza kwa sababu nilitaka kujua.

Lilizuka zogo ambalo sijaliona hata kwenye semina za chuo. Wazee wakageukiana, sisi wakatusahau kabisa.

Mjomba Yona akapaza sauti, "Kwa hiyo mtu akimpenda sana jogoo wake, alete jogoo tumwite ng'ombe?"

Mzee mmoja akasema inategemea na jogoo.

Ndipo Bibi akapiga mkeka kwa kiganja. Akaongea Kiswahili, ili wageni tusikose kitu.

"Yona, baba yako alinioa kwa mahari gani?"

"Mama, hayo si ya leo."

"Kwa mahari gani?"

"...Gobore."

"Gobore lililofanyaje?"

"Lisilolia."

"Halikuwahi kulia hata siku moja!" Bibi akatugeukia. "Lina kutu, mtutu umepinda. Mjomba wangu akalihesabu ng'ombe watatu, kwa sababu kijiji kizima kilijua yule mtu analala nalo. Hao ng'ombe watatu wa kutu ndio waliokuzaa wewe unayechungulia matundu ya watu hapa."

Mjomba Yona akatafuta leso.

"Mleteni kijana," akasema Bibi.

Fidelis akasogea kwa magoti. Bibi akamuuliza, "Unaumia?"

Bwana harusi haongei, lakini ameulizwa na Bibi. Machozi yanamlenga. Akasema, "Bibi, naomba kwanza nihamishe picha zangu."

Mjomba, bila kufikiri, akamnyooshea ile flash ya kwaya.

Wote wawili wakaitazama flash. Wakaitazama laptop. Hapakuwa na pa kuichomeka.

Fidelis akalia. Wakuu, mtu mzima, dereva anayepishana na tembo kila siku, alilia kwa kwikwi juu ya sinia ya watu.

Bibi akarudisha khanga juu ya laptop. "Huyu anazika," akamwambia mwanawe. "Imetimia."

Mahari ikaandikwa hivyo: ng'ombe saba. Mimi niliyesema haifai nikatia sahihi ya ushahidi kwamba inafaa. Kuku wangu wawili wa faini nikawalipa siku hiyohiyo.

Ndoa imeshafungwa. Laptop iko kwa Bibi. Ila kuna jambo hakuna aliyelifikiria pale mkekani: inafunguka kwa kidole cha Fidelis. Kwa hiyo Bibi akitaka kuangalia video za simba, anamtumia ujumbe mkwe. Mkwe anakwenda, anasalimia, anaweka kidole, anakaa pembeni anahariri kazi zake za wageni huku Bibi akitazama. Namba ya siri Fidelis anaijua, amekataa kuwatajia. Bibi naye hajawahi kuiomba. Anasema simba wa humo anaonekana hadi inzi wa puani, na hao wa nje ya kijiji hajawahi kuwakaribia kiasi hicho.

Sasa niliyokuja kuyasema hasa.

Juzi nilikwenda kuwatembelea. Neema akanikaribisha chakula, Fidelis yuko kazini, Mzee Shabani naye alikuwa amepita na vitunguu vyake. Neema akasimama na mwiko mkononi.

"Shemeji, siku ile nilikuwa jikoni. Nilisikia kila kitu."

"Ulisikia nilivyowaokoa."

"Nilisikia ukisema ile kompyuta haina thamani ya bei yake. Halafu nikasikia ukisema inatosha kunioa mimi. Nimekuwa nikitaka kukuuliza. Kauli ipi ilikuwa ya kweli? Maana mimi nimo ndani ya zote mbili."

Mimi, wa kubisha kila kitu, sikubisha.

Nikasema, "Zote, shemeji."

"Haya. Kula." Akanichotea ubwabwa mtupu. Nyama akampelekea Mzee Shabani.

Nilichojifunza ni hiki: mnaponiuliza laptop ya bei mbaya inafanya nini ambacho ya bei rahisi haifanyi, jibu langu ni lilelile, karibu hakuna. Lakini kuuliza kitu kinafanya nini ni nusu tu ya swali. Nusu ya pili ni nani atalia kikiondoka. Na hata hapo sijatulia, maana mimi nikinyang'anywa hii refurbished yangu nitalia vilevile, na sidhani kama kuna mjomba popote Kilosa atakayenipa mke.

Wenye laptop za bei mbaya, njooni mnicheke, leo mna ruhusa. Wenye za bei rahisi, niteteeni.

Ila aliye na jibu la kumpa Neema aanze yeye. Shemeji anasoma uzi huu, na Jumapili nimealikwa tena.