Doa Nililoliona Ndani ya Mtutu

Chini ya nyumba ninayoishi sasa, hapa Ukunda, kuna fundi wa nguo, na kila Jumamosi asubuhi huitia cherehani yake mafuta. Harufu ile hupanda hadi dirishani kwangu, imechanganyika na ya mafuta ya taa anayofutia vyuma, na mimi, mama mzima wa watoto watatu, huacha ninalolifanya nikaenda kufunga dirisha. Watoto huniuliza, joto lote hili? Sijawahi kuwajibu. Ninyi nitawaambia, ila mnivumilie, maana habari yenyewe hainipambi.

Baba yangu alikuwa fundi wa vyuma kule Munje. Kibanda chake cha mabati kilikuwa kando ya njia ya kuendea Msambweni. Alitengeneza baiskeli, majiko ya mafuta, kufuli zilizopotelewa na funguo, na mara moja meno ya bandia ya bibi mmoja, ambayo mpaka leo sijui aliyaunga kwa kitu gani. Watu walimwita Fundi Bakari, na nilipokuwa mdogo nilidhani Fundi ni jina alilopewa na mamake.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja siku Mwalimu Mwero, mwalimu wetu wa michezo, alipoingia kibandani na kitu kilichofungwa kwa gazeti.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Umeniletea nini, samaki?"

Ilikuwa bastola ya kuanzishia mbio, kuukuu, mpini wake wa mti umepasuka. Si ya kuua mtu. Ilitiwa risasi zisizo na chuma mbele, za kutoa mlio na moshi tu. Ilikuwa imelala kabatini miaka mingi na hewa ya chumvi imeila. Sasa mashindano ya shule za jirani yalikuwa yanakuja kufanyika kwetu kwa mara ya kwanza, na Mwalimu Mwero hakutaka kuanzisha mbio kwa filimbi mbele ya wageni.

Baba alitia kidole chake kidogo mdomoni mwa mtutu, akakizungusha, akakitoa cheusi.

"Ndani mna ukoko kama wa sufuria ya wali," alisema. "Kutu na masizi ya zamani vimeshikana. Moshi usipopata njia ya mbele, utarudi nyuma kwenye mkono wa mpigaji. Niachie mpaka nikwambie tayari."

Aliiloweka katika mafuta ya taa. Akachonga kijiti, akakizungushia kitambaa, akawa anasugua ndani ya mtutu huku na huku, ulimi umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Kitambaa kilitoka cheusi, akabadilisha kingine. Nilipenda kumtazama.

Siku ya nne aliuelekeza mtutu kwenye mwanga wa mlango. Akafumba jicho moja, kisha akalifumba lile jingine. Halafu akaniita.

"Mwanasha, hebu nitazamie humu ndani. Niambie unaona nini."

Nikatazama. Nikamwambia kuna mahali pameng'aa na mahali peusi. Akaniuliza peusi ni wapi, mwanzo au mwisho, na ni pakubwa kiasi gani. Nilipomaliza kumweleza alinitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Haya ni yangu na yako. Mama yako asiyajue." Nilidhani anasema habari za bastola.

Tangu siku ile nikawa namkagulia kila alasiri nikitoka shule. Mwanzoni nilijiona mtu mkubwa. Baadaye ikanichosha, kwa sababu kila nilipoona doa ilinibidi nikae pale nikishikilia mtutu kwenye mwanga, yeye asugue, nitazame tena. Na saa kumi jirani yetu Bi Mishi alikuwa akiwasha televisheni yake, na sisi watoto wa mtaa tulijaa sebuleni kwake kutazama tamthilia.

Alhamisi moja, siku mbili kabla ya mashindano, Baba aliniita nikiwa tayari nimevaa kandambili za kukimbilia kwa Bi Mishi. Nikauinua mtutu. Uling'aa karibu wote. Lakini katikati, upande mmoja, ukoko ulikuwa bado umeganda, mnene, kama gaga la kidonda. Niliuona waziwazi. Sitaki mdhani kwamba nilikosea.

"Safi, Baba."

"Safi kabisa?"

"Kama kioo."

"Alhamdulillahi," alisema, akatabasamu, na mimi nikatoka mbio. Katika tamthilia ya siku ile sikumbuki ila mwanamke mmoja aliyeanguka kwenye ngazi.

Jumamosi Baba alivaa kanzu yake ya Idi na kofia, akaenda kusimama karibu na mstari wa kuanzia, akijifanya anafuata kivuli. Wasichana wa mita mia wakainama. Mwalimu Mwero akainua mkono. Badala ya mlio tulisikia kitu kama kikohozi kilichobanwa, kisha ukelele. Moto ulikuwa umetokea nyuma. Mwalimu aliitupa bastola chini, akajishika mkono akizunguka pale pale. Nusu ya wasichana walikimbia, nusu wakabaki wameinama. Watu walicheka, kwani wengi walikuwa mbali na hawakuuona mkono. Walipouona wakanyamaza, na katika kimya kile mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Fundi mwenyewe haoni siku hizi. Taa ya baiskeli yangu aliifunga ikitazama chini."

Nilimtafuta Baba kwa macho. Alikuwa ameivua kofia, anaikunja.

Jumatatu Mwalimu Mwero alikuja kibandani, mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Mimi nilikuwa nimeleta chai.

"Fundi, sikuja kwa ugomvi," alisema. "Nataka kujua tu. Ulikagua ndani?"

Nilisimama na birika mkononi. Baba hakugeuka hata kidogo upande wangu.

"Nilikagua mwenyewe, mwalimu. Kosa ni langu. Nisamehe."

Nikawamiminia chai. Mwalimu alipokea kikombe kwa mkono wa kushoto, akaniomba radhi kwa kupokea kwa kushoto, akasema, "Ahsante, mwanangu. Una adabu."

Watu walipungua kibandani. Baba naye akawa anawarudisha waliobaki, akiwaambia waende kwa mafundi wa Msambweni. Kabla ya mwaka kwisha alikifunga kibanda, na Mama akaanza kukaanga mahamri ya kuuza. Mimi nilijiambia kwamba macho yake yangekwisha tu, doa au bila doa. Maneno hayo yalinitosha kwa miaka mingi.

Mwaka jana nilikwenda Munje kumtazama. Sasa haoni kabisa. Tulikuwa wawili tu barazani, nikamwambia yote, hata habari ya tamthilia.

"Kwa hiyo ukoko ulikuwapo?"

"Ulikuwapo, Baba."

"Basi mkono ulijua." Akatikisa kichwa. "Kijiti kilikuwa kikikwama pale katikati, kidogo sana. Nilikihisi. Lakini mtoto amesema safi, na mtoto ana macho. Nikaona basi, mkono wangu nao umekwisha; hata moto ulipotokea nyuma nilidhani ni kasoro nyingine ambayo mkono haukuihisi. Macho hayakunitisha sana, Mwanasha. Kazi nyingi nilikuwa nikizifanya kwa kupapasa. Niliacha kwa sababu ya mkono."

Miaka yote nilikuwa nikijihukumu kwa uongo juu ya kipande cha chuma. Kumbe nilimdanganya juu ya mikono yake, naye akaniamini mimi akaikana mikono.

Nilimwomba radhi. Alinishika kiganja, akasema yamekwisha, nimletee maji ya kunywa. Nilipofika mlangoni niligeuka. Alikuwa akipitisha kidole gumba juu ya ncha za vidole vyake, kimoja baada ya kingine, polepole, kama mtu anayekagua kazi.