Siku mke wangu alipoukata wimbo wa kanisa, nami niko chini ya kisima Kisauni

Wakuu, Bwana asifiwe. Na ndugu zangu Waislamu, salaam aleikum.

Shikamoo zenu nazipokea zote kwa marahaba moja, maana sidhani humu yupo wa kunizidi umri. Tisini nimezipita kitambo.

Anayeandika ni mjukuu wangu Kadzo, mwalimu wa biolojia. Mimi nasema, yeye anabonyeza. Nimemwonya asiongeze chumvi. Nimefundisha katekisimu miaka mingi, na ile amri ya kutosema uongo siwezi kuja kuivunja kwenye simu.

Juzi Kadzo alinisomea uzi wa humu, mtu anauliza kwa nini watu huzirai wakishuka mashimoni. Nikamwambia, jibu ninalo. Nililifuata mwenyewe hadi chini.

Ilikuwa miaka ya arobaini, vita vya wazungu vimeisha si zamani. Mimi na mke wangu Dama tulikuwa tumeoana mwaka mmoja tu. Tulitoka Rabai tukahamia Kisauni, nikapata kazi ya kuchimba visima.

Msimamizi wetu aliitwa Fundi Elisha. Alikuwa mzee wa kanisa na fundi wa kweli. Mwenzangu alikuwa Charo, mshika kamba, mtu asiyejua kunyamaza. Dama alikuwa akibeba kifusi kwa karai.

Kisima chenyewe kilikuwa cha kanisa letu. Akina mama walikuwa wakitembea mbali sana kufuata maji.

Sasa sikilizeni desturi yetu, maana kisa kizima kiko hapa.

Anayeshuka alifungwa kamba kwapani. Kabla hajashuka, tuliteremsha kibatari ndani ya debe. Kikizimika, hakuna kushuka. Kikiwaka, unashuka, na huko chini unaimba wimbo wa kanisa huku unachimba. Walio juu wanaitikia. Sauti ikikatika, wanakuvuta.

Fundi Elisha alikuwa na sheria nyingine pia. Wimbo wa Mungu haukatwi katikati. Ukianzishwa, unaimbwa mpaka ubeti wa mwisho, hata mvua inyeshe.

Tulipofika pima saba, karibu mita kumi na tatu za leo, tukakuta mwamba wa matumbawe mgumu, sururu inadunda tu. Dawa yake ilikuwa moto. Unajaza kuni na makumbi ya nazi chini, unawasha, mwamba ukishika joto unamwaga maji, jiwe linapasuka.

Baada ya moto tulikuwa tukingoja siku mbili, kisha kibatari.

Safari hii tulingoja siku moja. Mchungaji alikuwa anakuja Jumapili, na Fundi alitaka ayaone maji. Kibatari nacho hakikuwa na mafuta, yalikuwa ya shida siku zile. Fundi akachungulia, akasema, "Moshi umekwisha. Wimbo unatosha."

Nikashuka. Makosa si ya Fundi peke yake, nami nilikuwa na kichwa changu.

Nikaanza wimbo wenye beti nne, ninaoujua tangu utotoni. Wakaitikia. Nikapiga sururu mara kumi hivi.

Wakuu, nilitarajia kama hewa ni mbaya nitakabwa koo. Wapi! Nilijisikia vizuri ajabu. Mwili mwepesi, nataka kucheka. Sururu ikaniponyoka, nikaona ni sawa tu, ya nini? Nikaendelea kuimba kwa nguvu zangu zote. Nilidhani ni neema inanishukia.

Yaliyotokea juu nilisimuliwa baadaye, na Charo aliyasimulia maisha yake yote.

Dama aliweka karai chini. "Mvuteni."

Charo akacheka. "Mwache bwana wako! Leo amejazwa, unataka kumtoa ibadani?"

"Ametoka ubeti wa kwanza akaingia wa tatu. Sasa amerudi wa kwanza. Mvuteni."

Fundi akainua mkono. "Binti, ngoja amalize. Wimbo wa Mungu haukatwi."

"Fundi, nakuheshimu kama baba yangu. Lakini huyu hajaruka ubeti tangu nimjue, hata akiwa na homa. Anayeimba kule si yeye."

"Binti..."

"Basi nitamvuta mwenyewe!"

Akaishika kamba. Msichana wa miaka kumi na minane, kanga imefungwa kiunoni, anamvuta mwanamume mzima mbele ya mzee wa kanisa. Charo alipoona hatanii, akaruka kushika nyuma yake. Fundi naye akashika.

Waliponifikisha nusu ya kisima, wimbo ulikatika wenyewe.

Nilitolewa kichwa kinaning'inia, midomo rangi ya zambarau. Wakanilaza kwenye upepo. Dama ananipiga mashavu, ananiita jina langu la nyumbani. Nikavuta pumzi kubwa, nikatapika, nikaanza kulia kama mtoto. Kichwa kiliniuma siku mbili na miguu ilikuwa uji.

Charo akasema, "Ni njaa hiyo tu. Sururu imebaki, ngoja nikaichukue."

Dama akaja akakaa juu ya mbao za mdomo wa kisima. "Pita juu yangu kwanza."

Hapo Fundi akapata la kufanya. Akachukua kuti kavu, akalifunga kwa waya, akaliwasha, akaliteremsha. Lilishuka likiwaka vizuri. Kufika karibu na chini likazimika ghafla, kama limepulizwa.

Charo akarudi nyuma hatua mbili, sururu akaisahau.

Fundi Elisha akavua kofia. "Mama," akasema, na Dama hakuwa na mtoto bado, "ningemzika mumeo kwa adabu yangu."

Tulingoja siku tatu, tukiteremsha na kupandisha mafungu ya matawi ili kuikoroga hewa. Kwenye pima nane tukapata maji baridi, matamu. Mchungaji aliyaona Jumapili nyingine, na Mungu hakukasirika.

Na sheria ikabadilika. Tangu siku ile, msikilizaji wa wimbo alikuwa Dama, na alikuwa na ruhusa ya kuukata wimbo wowote. Wachimbaji wengine walitucheka, ati tunasimamiwa na mwanamke. Hatukuzika mtu hata mmoja.

Kadzo ndiye aliyenieleza kilichonipata, miaka mingi baadaye.

Anasema kila seli ya mwili ina majiko yake madogo, na oksijeni ndiyo inayoyafanya yageuze chakula kuwa nguvu. Ule moto wa kisimani ulikuwa umeila oksijeni kabla yangu, na ukaacha hewa chafu yenye sumu yake.

Oksijeni ikipungua, seli za misuli hujaribu kupika bila hiyo. Nguvu inatoka kidogo, asidi inajaa. Seli za ubongo zinataka nyingi kila wakati wala hazina akiba, kwa hiyo ndizo za kwanza kulegea, na zikikosa kabisa, dakika chache tu zinaanza kufa.

Na kinachotangulia kuondoka ni ile akili ya kukwambia kwamba unaharibikiwa. Ndiyo maana nilikuwa nafurahi.

Hata oksijeni ikizidi ni mbaya. Nilipolazwa kwa ugonjwa wa mapafu nilimwomba nesi aifungue mpaka mwisho. Akakataa. Kadzo akanifafanulia, "Babu, ikizidi kwa muda mrefu inazichoma seli za mapafu zenyewe." Kumbe hata pumzi Mungu aliipima.

Kwa hiyo wakuu, ukiwa na kisima, choo cha shimo au tangi, usiseme utajisikia vibaya kwanza. Hutajisikia. Siku hizi kuna vifaa vya kupima hewa, tumieni hivyo. Na mwenzako akianguka chini usimfuate. Mkosa hewa mmoja anatosha.

Dama alilala katika Bwana miaka sita iliyopita, baada ya watoto saba. Mpaka mwisho, tukiwa kanisani, aliacha kuimba kila nilipofika ubeti wa pili, ananisikiliza. Nikiingia wa tatu bila kuruka, ananigusa mkono, kisha anaendelea.

Siku hizi naimba beti zote nne, polepole, nisije nikamtia wasiwasi.

Haya, nanyi semeni. Nani humu amewahi kuvutwa na mtu aliyemjua hivyo? Kadzo atanisomea yote.